Askari wa mwili wanammeza mdudu wa TB halafu wanakaa naye miaka. Kwa nini hawammalizi?

#1 Mjukuu wa Sikudhani
Wakuu habari za jioni.

Mdogo wangu kakutwa na TB mwezi uliopita. Anaishi kwangu Mbagala, chumba na sebule, tuko watu sita. Alianza kukohoa tangu Ramadhani, tukasema vumbi. Alipoanza kuloa jasho usiku mpaka shuka linakamulika ndipo tukashtuka. Tukaitwa familia nzima kupima. Mtoto wa shangazi anayelala naye godoro moja pale sebuleni hana kitu, hata kikohozi. Mimi ninayekunywa naye chai kikombe kimoja, picha ya kifua safi.

Nesi akasema, "Msishangae, mdudu mnaweza kuwa naye, ila askari wa mwili wamemmeza na kumfungia." Nikamuuliza, akishamezwa si kafa? Akacheka, akaita namba inayofuata.

Swali langu ndilo hilo. Mimi nikimeza ubwabwa, habari ya ubwabwa imeishia hapo. Iweje mdudu amezwe na aendelee kuishi? Na kwa nini godoro moja huyu kaumwa na yule anadunda?

#2 Kiroboto Mstaafu
Nimekaa paleee na kahawa yangu na kashata. Waje wenye fani.

#3 Mzee wa Maabara
Pole mleta mada. Nimeinamia hadubini miaka kumi na tisa, nikupe ninachokijua. Kwanza kikombe hakina kosa. TB inapita hewani mtu anapokohoa, anapoimba, hata anapoongea. Kinachowaponza ni hewa ya hicho chumba.

Mdudu akifika kwenye vile vifuko vya hewa ndani kabisa ya pafu anakutana na seli zinazoitwa makrofaji. Kazi yake ni kumeza. Ikimmeza inamweka kwenye kifuko, na kifuko hicho kinatakiwa kiungane na vifuko vingine vyenye tindikali na vimeng'enya. Bakteria wa kawaida hapo anasagika. Huyu wa TB anazuia muungano, anabaki kwenye chumba chake kikavu. Armstrong na D'Arcy Hart waliliona hilo Uingereza mwaka 1971 kwa hadubini ya elektroni, kwa hiyo si habari ya jana.

Halafu ana koti la nta. Sisi tunalijua koti hilo kwa mikono yetu: unapaka makohozi rangi nyekundu, unapasha moto kwa chini mpaka mvuke upande, halafu unamwagia asidi. Vyote vinapauka isipokuwa yeye. Ukishapaka bluu juu yake, unaona vijiti vyekundu vyembamba, vingine vimelaliana, kwenye uwanja wa bluu. Kitu ambacho asidi yangu ya chupa haikivui rangi, utegemee makrofaji imkwangue kwa siku moja?

Na hana haraka. Bakteria wengine wanagawanyika kila dakika 20. Huyu anachukua kama saa 20. Ndiyo maana tukimwotesha tunangoja wiki hata 8.

#4 Kiroboto Mstaafu
Kwa hiyo polisi kamkamata mwizi, kampeleka nyumbani kwake, mwizi kafunga mlango kwa ndani na anakula ugali wa polisi. Nimeelewa.

#5 Chembe Hai
#3 umeeleza vizuri mzee wangu, ila umemsifia mdudu kupita kiasi. Ujanja wa kuzuia tindikali unamfaa zaidi makrofaji ikiwa bado haijaamshwa. Wiki chache baadaye seli T, askari wa kinga wanaotoa amri, zinafika na kumwaga kitu kinaitwa interferoni gama. Makrofaji ikikipata hicho inabadilika: inalazimisha vifuko viungane, inazalisha sumu za oksijeni na naitrojeni, inamnyima mdudu madini ya chuma. Wapo watu wachache wanaozaliwa na kasoro kwenye njia hiyo ya interferoni, na hao hata chanjo ya BCG yenyewe inaweza kuwaua, wakati kwa mtoto mwingine inaacha kovu tu.

Kuhusu polisi wa #4: kingamwili zinazoogelea kwenye damu haziingii ndani ya seli. Kwa hiyo seli iliyomficha mdudu inabidi ijisemee yenyewe. Inachukua vipande vya mdudu na kuvianika nje kwenye ukuta wake, seli T ikipita inavisoma. Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa anapoteza wasomaji hao, ndiyo maana TB inamwandama. Kwa mtu wa kawaida aliyeambukizwa, wanaougua maishani ni kama asilimia 5 hadi 10. Kwa mwenye VVU asiye kwenye dawa hatari inaweza kufika kama asilimia 10 kila mwaka.

#6 Njugu Mawe
"Inavianika nje." Chembe Hai wewe ni mwalimu au unauza nguo Karume?

#7 Chembe Hai
Vyote viwili, Jumamosi njoo na hela.

#8 Mwana Apolo
Mimi nilikuwa mchimbaji Mererani miaka sita. Kwetu TB tuliiita ugonjwa wa shimoni. Tulikuwa tunachoronga kwa mashine kavu, bila maji, vumbi jeupe mpaka kope. Jioni ukipiga chafya kinatoka kitu kama unga wa sembe uliolowa. Katika kikundi cha watu kumi na mmoja, wanne tulikuja kuanzishiwa dozi, na hakuna aliyekuwa na VVU, tulipima.

Daktari mmoja alinieleza kwamba makrofaji hiyo mnayoisema inameza na vumbi la mawe pia. Silika haisagiki. Seli inakufa nalo, chembe ya jiwe inatoka, inamezwa na seli nyingine, nayo inakufa. Askari wanakwisha kwa kula mawe, TB ikija inakuta lindo tupu. Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kuuliza mdudu ana ujanja gani, uliza mdogo wako anafanya kazi gani.

#9 Mjukuu wa Sikudhani
#8 daah. Dogo ni saidia fundi, anakata vigae na mashine. Mwaka wa pili huu. Hilo hakuna aliyemuuliza.

#10 Mwana Apolo
Basi mwambie daktari wake kabla ya kliniki ijayo. Na akirudi kazini akate kwa maji.

#11 Otieno wa Pwani
Salamu kutoka Likoni. Swali la kijinga: si sote tulichanjwa BCG tukiwa watoto? Mimi kovu langu liko hapa kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Sasa chanjo ilifanya kazi gani?

#12 Njugu Mawe
Chini ya kiwiko? Sisi lipo bega la kulia. Kumbe ndivyo Uhamiaji wanavyowakamata.

#13 Mzee wa Maabara
😂 Ni kweli, Kenya wanachoma mkono wa kushoto sehemu ya chini, Tanzania bega la kulia. Dawa ni ileile. Calmette na Guérin walimchukua bakteria wa TB ya ng'ombe, wakamwotesha juu ya viazi vilivyopikwa na nyongo, wakamhamisha mara 230 kuanzia 1908. Mwaka 1921 ndipo akapewa mtoto wa kwanza Paris. Inawakinga watoto wadogo na TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Kwa TB ya mapafu ya mtu mzima haitegemeki.

#14 Chembe Hai
Hapo ongeza kitu kitamu, mzee. Katika kuhamishwa huko kote bakteria yule alidondosha kipande cha vinasaba, na kwenye kipande hicho ndimo kilimokuwa kifaa cha kutoboa kifuko. Yaani mdudu halisi wa TB hakai tu chumba kikavu, anatoboa ukuta na kufikia ujiuji wa seli. BCG hawezi. Ndiyo sababu moja iliyomfanya awe mpole, na wapo wanaohisi ndiyo sababu pia chanjo haimfundishi askari somo lote.

Chanjo mpya ya M72 ilijaribiwa kwa watu wazima Kenya, Zambia na Afrika Kusini ikapunguza TB kwa karibu nusu. Mwaka 2024 wameanza majaribio makubwa zaidi.

#15 Bint Mwinyi
Jamani mnaongea mdudu, mdudu. Mimi nilikuwa mgonjwa na aliyekaribia kuniua si mdudu.

Nilianza dawa za TB, baada ya wiki mbili nikaongezewa ARV kwa sababu CD4, zile seli T zinazohesabiwa kwenye damu, zilikuwa chini sana. Wiki ya tatu ya ARV, tezi za shingo zikavimba kama embe dodo, homa ikarudi juu kuliko mwanzo. Mama yangu alitaka kuzitupa dawa zote chooni, "hizi ndizo zinazokumaliza". Nilirudi kituoni nikilia, wa kwanza niliyemkuta pale dirishani akaniambia nimeacha kumeza dozi. Sikuwa nimekosa hata siku moja, kadi ninayo. Daktari wa zamu ndiye aliyenieleza: askari walikuwa wamelala, ARV zimewaamsha, wameamka wanakuta adui kajaa nyumba nzima, wanapiga ovyo. Nikapewa prednisoloni ya kuwatuliza, tukaendelea na dawa zote. Nikapona.

Kwa hiyo ninaposikia "pandisha kinga, pandisha kinga" huwa natabasamu.

#16 Mzee wa Maabara
#15 ushuhuda mzito dada, asante. Na ndiyo hivyohivyo kwenye TB ya ubongo. Mgonjwa anapewa dawa za kuua mdudu pamoja na steroidi za kutuliza askari, na kwa wasio na VVU, wanaopewa wanakufa wachache zaidi.

#17 Shamba Dawa
Yote haya yangeisha kwa mlonge, vitunguu swaumu na asali mbichi. Wazee wetu hawakuwa na interferoni. Aliye tayari aje PM.

#18 Kiroboto Mstaafu
Wazee wetu walikuwa wanakufa mkuu, ila hawakuwa na PM ya kutangazia.

#19 Mtu wa Ruwi
Assalaam aleikum kutoka Muscat. Mimi kovu langu lilininyima riziki mwaka mzima, sikilizeni.

Kuja Ghuba lazima upigwe picha ya kifua. Sijawahi kuumwa TB maishani. Picha ikaonyesha doa jeupe dogo juu ya pafu la kulia, kama punje ya mchele. Kituo kile kikagonga muhuri wa kukataliwa, bila kupima makohozi. Nikaenda kwa daktari wa kifua kwa gharama zangu, makohozi mara tatu safi, kuotesha safi. Akaniambia hilo doa ni kaburi: utotoni nilimvuta mdudu, askari wakamzunguka, wakamfungia, baadaye chokaa ikajaa. "Mwili wako ulishinda," akasema. Nikamwambia daktari, mwili umeshinda na visa nimekosa. Nilifanikiwa kwa jaribio jingine baadaye, na mchakato wote ulinila pesa ya shamba la minazi.

#20 Chembe Hai
Mtu wa Ruwi pole. Hilo kaburi lina jina, granuloma. Katikati nyama iliyokufa, inafanana na jibini, kuzunguka makrofaji zilizobanana mpaka nyingine zimeungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, nje yake seli T. Na ndilo jibu la kweli la #1: hawammalizi kwa sababu kumfungia kunaharibu pafu kidogo kuliko kumpiga.

#21 Daktari Mkimya
Huwa nasoma tu humu, ila #20 sikubaliani nawe. "Gereza" ni hadithi tuliyofundishwa wote, na nusu yake ni kweli. Ushahidi wake mzuri ni dawa za baridi yabisi zinazozima TNF, kemikali ambayo seli za kinga hutoa kuchocheana. Zilipoanza kutumika, mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba watu wanaamkiwa na TB. Ukitoa TNF, gereza linabomoka.

Lakini mtafiti Lalita Ramakrishnan na wenzake walitumia samaki wadogo ambao wachanga wao wanapenyeka kwa macho, wakawaambukiza binamu wa mdudu wa TB na kuangalia mubashara. Walichoona ni makrofaji mpya zikikimbilia kwenye granuloma, zikimeza zile zilizokufa na mdudu ndani yake, halafu nyingine zinaondoka naye kwenda kuanzisha granuloma nyingine. Hilo ni gereza au stendi ya mabasi? Na TNF ikizidi, makrofaji zinapasuka na mdudu anamwagika nje, ambako anakua kwa raha. Mdudu anahitaji askari waje. Hata ule uozo wa katikati unamfaa, maana ukipasukia kwenye njia ya hewa ndipo anapata kikohozi cha kumbeba kwenda kwa mtu mwingine.

#22 Njugu Mawe
Mkimya umesema mengi kuliko waongeaji.

#23 Chembe Hai
#21 samaki hana mapafu, mkuu. Na uliowaona ni wachanga, seli T hazijaingia kazini. Usibomoe gereza la binadamu kwa ushahidi wa samaki wa siku tano.

#24 Daktari Mkimya
Sawa, hoja hiyo nakupa. Ila hata kwa binadamu na nyani, ndani ya pafu moja unakuta granuloma iliyomuua mdudu kabisa na jirani yake sentimita chache imeshindwa. Mtu yuleyule, kinga ileile. Mnieleze hilo kwa interferoni.

#25 Otieno wa Pwani
Sasa mimi ndio nimechanganyikiwa zaidi. Kwa hiyo sote tuna mdudu? Nimesoma mahali kwamba robo ya watu duniani wanaye.

#26 Mzee wa Maabara
Robo ni makadirio ya Shirika la Afya Duniani, ni sahihi kuyataja. Kila mtu wa nne.

#27 Daktari Mkimya
Mzee tuwe waangalifu. Vipimo vyote viwili, kile cha kuchoma ngozi ya mkono na kile cha damu, vinapima kumbukumbu ya seli T. Havimpimi mdudu. Askari aliyepigana vita ya 1979 bado anaikumbuka, haina maana vita inaendelea. Wapo watafiti wanaosema wengi katika hiyo robo walishammaliza siku nyingi, na kwamba wanaougua wengi huugua ndani ya miaka miwili ya kuambukizwa.

#28 Mtu wa Ruwi
Hiyo hoja ungekuwa nayo kwenye kile kituo cha vipimo ningekununulia halua.

#29 Mama Kulwa
Mimi ni nesi, si yule wa mleta mada 😅 Mnasahau tumbo. Tunapokea vijana wanaokula mlo mmoja, kilo arobaini na mbili, unategemea seli T zitengenezwe na nini? Sukari nayo, wenye kisukari hatari yao ni mara mbili tatu. Na pombe.

#30 Chembe Hai
Kweli mama, ila lishe haielezi kila kitu. Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930: watoto wachanga zaidi ya 200 walipewa chanjo iliyochanganyika kwa makosa na mdudu halisi wa TB. Zaidi ya 70 walikufa. Wengi wa waliobaki waliugua kisha wakapona wenyewe, miaka ambayo dawa haikuwepo. Wote wachanga, mji mmoja, wote walinyweshwa. Vinasaba au kiasi cha mdudu kwenye kila chupa, mpaka leo watu wanabishana.

#31 Juma Mbaazi
Samahani kutoka nje ya mada. Mimi nina taifodi ya miaka mitatu, kila nikipima Widal inasoma. Nayo imejificha kwenye seli?

#32 Mzee wa Maabara
Juma, mdudu wa taifodi kweli anaishi ndani ya makrofaji, kwenye ini, bandama na uroto, na kwa wachache anabaki kwenye kibofu cha nyongo. Lakini Widal inapima kingamwili, tena kwa kubahatisha. Inaweza kusoma kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya ndugu zake wengine. Umekunywa siprofloksasini ngapi?

#33 Juma Mbaazi
Nimepoteza hesabu.

#34 Mzee wa Maabara
Kabla ya nyingine kaoteshwe damu. Na homa ikiwa inapanda na kushuka na wewe ni mnywaji wa maziwa mabichi, waulize pia kuhusu brusela, ni mkazi mwingine wa ndani ya seli.

#35 Kiroboto Mstaafu
Hawa wadudu wote wamekosa viwanja mpaka wakajenge ndani ya polisi?

#36 Mwana Morogoro
Mmewasahau ndugu zangu panya buku wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine. Wale wananusa makohozi, sampuli 100 kwa dakika 20, na wanampata mgonjwa ambaye hadubini ilimpita. Mzee wa Maabara ajiandae kustaafu.

#37 Mzee wa Maabara
Panya hajui kuandika rejista. Na akishanusa, lazima mimi au mashine ya GeneXpert tuthibitishe. Tunafanya kazi pamoja, mshahara wake ndizi.

#38 Mjukuu wa Sikudhani
Wakuu, mrejesho. Dogo kamaliza miezi miwili ya mwanzo, makohozi safi, kabaki na vidonge vya aina mbili kwa miezi minne. Mkojo wa rangi ya Fanta ulimtisha, tukaambiwa ni rifampisini. Habari ya vigae daktari kaiandika kwenye faili. Mwanangu wa miaka mitatu kaanzishiwa dawa za kinga.

Nimesoma uzi wote mara mbili. Gereza, stendi, kaburi, sijui nishike lipi. Nikimwona yule nesi namuuliza tena.

#39 Mama Kulwa
Hongera baba. Sasa hicho chumba. Dirisha la sebule linafunguka?

#40 Mjukuu wa Sikudhani
Lipo, ila kabati la vyombo la mama watoto limeliziba.

#41 Mzee wa Maabara
Ndugu, tumeongea samaki, panya, Wajerumani na viazi vya nyongo, kumbe kuna kabati?

#42 Mjukuu wa Sikudhani
Nimejaribu kulisogeza mzee. Kaniuliza ni nani kanituma.

#43 Kiroboto Mstaafu
Usitutaje.